SOMO LA WIKI: Ajira bora pwani ya Kusini – Serikali ifanye nini, mfanyabiashara atazame nini?

Kila msimu malori hushuka kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi yakiwa na sukari, saruji, mabati na vitambaa. Yanaporudi hubeba ufuta, korosho, chumvi, pweza na samaki. Mzigo unaoshuka umekwisha kutengenezwa. Unaopanda bado ni ghafi. Katika tofauti ya mizigo hiyo miwili ndimo zilimo ajira ambazo vijana wa Kiswere, Pande, Kiranjeranje na Mchinga huzifuata Kariakoo.

Suala la ajira mara nyingi huachiwa wanasiasa na majukwaa yao. Kwa mfanyabiashara, hata hivyo, ajira ni mauzo. Mwenye duka katika kijiji cha pwani ya Kusini anajua kwamba fedha huonekana wakati wa ufuta, kuanzia mwezi wa sita, kisha wakati wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi. Miezi mingine daftari la mikopo hunenepa na rafu hubaki na vumbi. Kijiji chenye watu hamsini wanaopata ujira kila mwezi ni soko bora kuliko kijiji chenye watu mia tano wanaopata fedha mara mbili kwa mwaka.

Swali la wiki hii ni hili: Serikali, kwa maana ya Serikali Kuu, mkoa na halmashauri ya wilaya, inaweza kufanya nini ili ajira za namna hiyo zipatikane? Na mwekezaji mdogo atajuaje kuwa hatua iliyotangazwa italeta ajira za kweli?

AJIRA BORA NI IPI?

Shirika la Kazi Duniani lilianza mwaka 1999 kutumia lugha ya kazi yenye staha. Kwa lugha ya biashara, kazi hiyo hupimwa kwa vipimo vinne. Kwanza, mapato yake yanatabirika. Pili, ina hifadhi: mchango wa NSSF, ambao kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na fidia mtu anapoumia kazini. Tatu, haimdhuru anayeifanya. Nne, humwongezea ujuzi, ili mwaka wa tano awe na thamani kubwa kuliko mwaka wa kwanza.

Kibarua cha kupakia magunia ghalani kwa siku ishirini za msimu kinasaidia familia, lakini hakipiti katika vipimo hivyo. Hakuna benki itakayomkopesha mtu kwa kukitegemea.

Isidhaniwe kuwa ajira bora lazima iwe ya ofisini. Mvuvi mwenye mashua na injini yake, anayeijua bei ya soko kabla ya kutia nanga, mwenye barafu ya kutosha na akiba benki, ana ajira bora kuliko karani anayelipwa nusu mshahara. Kazi ya Serikali ni kumwezesha mvuvi wa kawaida afike hapo, sambamba na kuvutia viwanda.

HISTORIA INAFUNDISHA

Pwani hii imekwisha kuona majaribio kadhaa ya dola kutengeneza kazi. La kwanza na baya kuliko yote lilikuwa la utawala wa Wajerumani, uliowalazimisha watu kulima mashamba ya pamba kwa malipo duni. Mwaka 1905 Wamatumbi wa Nandete, wilayani Kilwa, waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kazi ya kulazimishwa haikuzaa uchumi. Ilizaa vita na njaa.

Jaribio la pili ni mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Fedha zilimwagwa, matrekta yakaletwa na watu wengi wakaajiriwa. Mvua na udongo havikupimwa sawasawa. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, na hasara ya pauni milioni 36 hivi ikabebwa na walipa kodi wa Uingereza. Ajira zilikwisha kwa muda mfupi. Kilichobaki na kufaa hadi leo ni bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga na sasa inapitisha korosho.

Jaribio la tatu ni viwanda vya kubangua korosho vya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Serikali ilikopa na kujenga viwanda vikubwa, vingi vikiwa Lindi na Mtwara. Wakati huohuo korosho zenyewe zilikuwa zinatoweka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa umeshika mashamba. Mashine zilikaa bila kazi, na baadaye baadhi ya majengo yakageuzwa maghala.

Majaribio ya karanga na korosho yanatoa fundisho moja. Kiwanda hakizai malighafi. Malighafi ya uhakika ndiyo huzaa kiwanda. Aidha, miundombinu hudumu kuliko mashirika. Serikali ikiwa na fedha kidogo, ni afadhali ianze na vile ambavyo havitapotea hata mpango ukishindwa: barabara, gati, umeme, maji na ujuzi wa watu.

BARABARA KWANZA

Mfano ulio karibu ni Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake magari yalisubiri pantoni, na wakati wa masika safari ya Kusini ilikuwa kamari. Daraja, na baadaye lami, vilibadili hesabu ya mfanyabiashara wa samaki na nazi wa Kilwa: mzigo ulioondoka jioni uliweza kuwa sokoni Dar es Salaam asubuhi. Hakuna aliyeandikiwa barua ya ajira siku daraja lilipofunguliwa, lakini madereva, mafundi gereji, mama lishe na wanunuzi wa samaki walipata kazi kutokana nalo.

Mei 2024 somo hilo lilirudiwa kwa njia ya uchungu. Mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Kilwa. Magari yalikwama na bidhaa zikaoza. Katika pwani yenye barabara kuu moja, kalavati imara ni sera ya ajira.

SAMAKI: MTIHANI MKUBWA WA SASA

Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya kisasa ya uvuvi Kilwa Masoko, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260. Lengo ni kuwapa wavuvi wa kina kirefu mahali pa kushushia, kugandisha na kuchakata samaki ndani ya nchi. Ajira zilizotajwa, za moja kwa moja na zisizo za moja kwa moja, ni zipatazo 30,000.

Msomaji afanye hesabu rahisi. Bilioni 260 zikigawanywa kwa ajira 30,000, kila ajira imegharimu shilingi milioni 8.7 hivi. Hiyo ni bei nzuri. Ajira zikiwa 3,000 tu, kila moja imegharimu karibu milioni 87, na hapo swali linabadilika. Kwa hiyo mjadala wa maana haupo juu ya zege. Upo juu ya yale yatakayowezesha meli kuleta samaki bandarini hapo badala ya kuwapeleka nchi nyingine: mafuta ya meli yenye bei ya ushindani, umeme usiokatika, maji safi, vyumba vya baridi, ukaguzi wa ubora unaotolewa haraka, na leseni zenye masharti ya kushusha samaki nchini yanayotekelezeka.

Kipo pia kipande ambacho hakionekani katika picha za uzinduzi. Kiswere iko kusini ya Kilwa Masoko, penye ghuba. Mvuvi wake hatafaidika na bandari kubwa kama samaki wake wameanza kulegea kabla ya kufika barabarani. Chukua mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Mvuvi ana kilo 100. Akiwa na barafu anaweza kusubiri mnunuzi wa pili na kuuza kwa shilingi 6,000 kwa kilo, jumla 600,000. Bila barafu, ifikapo saa sita mchana humpa mnunuzi wa kwanza kwa shilingi 4,000, jumla 400,000. Barafu ya shilingi 30,000 ingemwachia faida ya ziada ya shilingi 170,000. Tofauti hiyo ndiyo mshahara wa mabaharia wake.

Mtambo wa barafu, mizani iliyopimwa, banda lenye sakafu safi na kipande cha barabara hadi ufukweni havigharimu mabilioni mengi. Ndivyo vinavyounganisha bandari kubwa na vijiji vidogo. Bila hivyo, Kilwa Masoko itakuwa na gati la kisasa na Kiswere itabaki na ng'onda.

Rasilimali yenyewe nayo lazima ilindwe. Pwani ya Kilwa na Lindi iliumizwa sana na uvuvi wa baruti. Baruti huua samaki wa leo pamoja na matumbawe ambayo samaki wa kesho wangezaliwa. Msako uliofanywa na Serikali katikati ya miaka ya 2010 ulipunguza milipuko hiyo kwa kiasi kikubwa. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za fukwe, vinavyojulikana kama BMU, vikipewa boti, mafuta na sehemu ya ushuru, hulinda ajira nyingi kuliko semina.

Kadhalika upo mwani, ambao kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kisha kikaenea hadi Kilwa, Lindi na Mtwara. Walimaji wengi ni wanawake. Aina ya spinosum hustahimili joto zaidi lakini bei yake ni ndogo. Cottonii ina bei nzuri lakini hufa maji yakipata joto. Hapa msaada wa Serikali unaofaa ni utafiti wa mbegu na boti za kuwafikisha walimaji kwenye maji ya kina, kwa kuwa kamba na vigingi wanavyo.

GESI: FEDHA NYINGI, MIKONO MICHACHE

Gesi iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na ilianza kufua umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Mwaka 2015 lilizinduliwa bomba kubwa kutoka Mtwara. Wakati wa kuchimba mtaro na kuunganisha mabomba, vibarua walikuwa wengi. Bomba likishafukiwa, mtambo huhitaji wataalamu wachache. Hilo ni umbile la sekta yenyewe, nchi yoyote iwayo, na halipaswi kuwashangaza wananchi wala kuwapa wanasiasa ahadi za bure. Msomaji akumbuke hilo pia kila asikiapo habari za mradi wa gesi ya kimiminika uliopangwa Likong'o, Lindi.

Faida ya gesi kwa ajira hupitia milango mingine miwili. Mlango wa kwanza ni ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Fedha hiyo ikiishia kwenye posho na magari, imepotea. Ikijenga karakana ya shule ya ufundi au mtambo wa barafu, gesi ya leo imegeuzwa kuwa ujuzi wa kesho. Mlango wa pili ni zabuni: vyakula, usafi, ulinzi, ushonaji, usafirishaji. Muuza mboga wa Kilwa hukosa zabuni hiyo kwa sababu hana mizani, risiti wala uwezo wa kusubiri malipo kwa siku sitini. Kasoro hizo tatu zinaweza kuondolewa na halmashauri, SIDO na benki zikikaa meza moja.

USHURU NA MISAMAHA: DAWA YENYE SUMU NDANI

Tanzania hutoza ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje: asilimia 15 ya bei au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Nia ni kumpa mbanguaji wa ndani nafuu dhidi ya India na Vietnam. Hata hivyo, sehemu kubwa ya korosho imeendelea kuondoka na maganda yake. Ushuru peke yake haumpi mbanguaji mtaji wa kununua malighafi ya mwaka mzima katika wiki chache za mnada.

Msumbiji, jirani ng'ambo ya Ruvuma, ina kisa cha kufundisha. Miaka ya 1990, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ilishusha ushuru wa korosho ghafi. Viwanda vikubwa vya zamani vilifungwa na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Mwaka 1999 Bunge lilirudisha ushuru wa asilimia 18 hadi 22. Ajira zilipoanza kurejea katika miaka ya 2000, zilikuja kupitia viwanda vidogo vya mkoa wa Nampula, vilivyotumia mikono mingi na mashine rahisi, vikiwa karibu na wakulima. Ushuru ulifungua mlango. Mtaji, ujuzi na wanunuzi wa uhakika ndivyo vilivyoingia.

Misamaha ya kodi kwa wawekezaji wakubwa nayo inahitaji macho mawili. Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin, Marekani, liliahidi kampuni ya Foxconn nafuu ya karibu dola bilioni 3 ili ijenge kiwanda na kuajiri watu 13,000. Kiwanda cha namna hiyo hakikujengwa. Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya: ajira 1,454 na nafuu ya dola milioni 80. Jimbo liliponea kwa sababu mkataba ulifunga sehemu kubwa ya malipo kwenye ajira zilizohesabika. Hata hivyo, fedha ambazo serikali za mitaa zilikwisha kutumia kwa ardhi na miundombinu hazikurudi kirahisi.

Kanuni inayotokana na hayo ni fupi: kwanza ajira ihesabiwe, kisha nafuu itolewe. Mwanauchumi Timothy Bartik, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza sera za majimbo ya Marekani, ameeleza kuwa mafunzo na ushauri kwa viwanda vidogo na vya kati huleta ajira kwa gharama ndogo kuliko misamaha ya kodi. Kwa Kusini hilo lina maana ya VETA na SIDO za Lindi, na chuo cha uvuvi cha Mikindani. Mafunzo yakipangwa pamoja na waajiri, fundi wa mitambo ya baridi hupatikana kabla mtambo haujawasili.

HALMASHAURI INA MENO

Wengi hudhani kazi hii ni ya Dodoma pekee. Halmashauri ina vyombo vyake. Sheria huitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kutokana na vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Fedha hiyo ikigawanywa kidogo kidogo kwa kila kikundi, huishia kwenye vibanda vinavyouza bidhaa zilezile. Ikielekezwa kwenye mnyororo mmoja, kwa mfano barafu, usafirishaji na usindikaji wa samaki, kikundi kimoja humfaa kingine.

Sheria ya ununuzi wa umma nayo hutenga sehemu ya zabuni, asilimia 30, kwa makundi maalumu. Madawati ya shule za Kilwa yanaweza kutengenezwa na mafundi wa Kilwa, mradi walipwe kwa wakati. Serikali inayochelewesha malipo huua ajira nyingi kuliko kodi.

Jambo la mwisho ni soko lililo wazi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza katika korosho msimu wa 2007/08, umepunguza nguvu ya kangomba, ingawa haujaiua. Mkulima anayeuza ufuta wake mnadani kupitia chama cha msingi huijua bei. Lakini bei ikijulikana na malipo yakachelewa, mwenye njaa atarudi kwa mnunuzi wa usiku.

MASWALI MATANO KWA MWEKEZAJI MDOGO

Kabla ya kukimbilia kiwanja Kilwa Masoko au hisa katika ushirika mpya, mwekezaji mdogo ajiulize haya:

1. Malighafi ipo kwa miezi mingapi ya mwaka, na nani mwingine anaigombea?

2. Umeme, maji na barabara vipo tayari, au vipo kwenye hotuba?

3. Nafuu ya Serikali ikiondolewa, biashara bado inalipa?

4. Wafanyakazi wenye ujuzi watatoka wapi, na watabaki kwa ujira gani?

5. Mnunuzi wa mwisho analipa baada ya siku ngapi?

Asiyetaka kuendesha biashara mwenyewe anaweza kushiriki katika miundombinu. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani na kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa ajili ya mradi wa maji, na hatifungani hiyo ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hakuna sababu ya kimsingi inayozuia gati, soko la samaki au vyumba vya baridi vya Kusini kupata fedha kwa njia hiyo, endapo hesabu zitakaguliwa na mapato yataonekana.

Kwa hiyo, mwenye duka Kiswere asisubiri kuhesabu mikutano ya hadhara. Ahesabu masanduku ya barafu yanayoshuka ufukweni, siku ambazo umeme haukukatika, na wateja wanaolipa taslimu mwezi wa tatu, wakati ufuta bado uko shambani na korosho zimekwisha kuuzwa. Namba hizo tatu zikipanda, sera inafanya kazi. Zisipopanda, aweke akiba yake mahali pengine, na amuulize diwani wake kwa nini.